Chipu Walizochoma Nyuma ya Migomba

Mume wangu alikuwa fundi wa projekta mjini Kisii. Redio na simu alizishika tu pale kazi ilipokosekana. Kazi yake hasa ilikuwa zile mashine zinazotupa picha ukutani: za makanisa, za shule, na za vibanda vya kutazamia mpira kule Nyamarambe na Kenyenya. Alikodi chumba kimoja kwenye ghorofa ya juu ya jengo lililo nyuma ya soko, na Ijumaa jioni alikuja nyumbani Gesima, kwenye majani chai yetu, mikono ikinuka spiriti.

Mimi nilifika darasa la nane. Ninayoyajua kuhusu projekta nilifundishwa na yeye, mezani, baada ya chakula, kwa sababu alikuwa mtu wa kuzungumza na mimi nilikuwa mtu wa kusikiliza.

Alinieleza kwamba ndani ya nyingi za mashine hizo kuna chipu moja yenye dirisha la kioo, dogo kama ukucha wa kidole gumba. Chini ya dirisha hilo kuna vioo vya kujitazamia, vidogo mno na vingi mno, visivyoonekana kwa macho. Kila kimoja kinageuka kikiambiwa kigeuke, na kila kimoja kinachora nukta yake moja ya picha. Joto likizidi, kioo kimoja kinachoka na kukwama. Basi ukutani panabaki nukta nyeupe isiyoondoka, picha ije picha iende.

Joto hilo lilitoka kwa watu wenyewe. Wenye vibanda vya mpira hawakusafisha vumbi kwenye feni hata siku moja. Kanisa moja lilikuwa limeifunika mashine yake kitambaa cha kufuma, chenye maua, ili ipendeze, na liliiwasha ikiwa imefunikwa hivyo. Mume wangu alikirudisha kitambaa kikiwa kimekunjwa vizuri na akawaambia kwamba mashine ilikufa ikiwa imevaa.

Alizinunua mashine zilizokufa kwa bei ya kutupa, akazifungua, akatoa chipu. Si kila mashine iliyokufa ilikufa chipu. Nyingine iliungua taa, nyingine ilianguka, nyingine ilinyeshewa na mvua kwenye mkutano wa injili, na chipu ndani yake ilikuwa nzima kabisa. Hizo ndizo alizozitafuta. Alifuta kioo kwa kitambaa laini, akaijaribu kwenye mashine yake ya mezani, na kama haikuwa na nukta aliilaza kwenye sponji nyeusi ndani ya mkebe wa biskuti. Yenye nukta aliitupa.

Chipu nzima yenye namba inayotafutwa iliweza kumpatia bei kubwa kuliko ile mashine yote ilimotoka. Yenye nukta haikuwa na bei hata kidogo. Na kwa watu wa skrapu, wanaonunua kwa kilo, zote mbili zilikuwa sawa, vitu vyepesi visivyoweza hata kusogeza mshale wa mizani.

Mgongoni kila chipu ilikuwa na safu za vidoa vya njano vinavyong'aa. Hiyo ni dhahabu kweli, lakini alisema imepakwa nyembamba kuliko rangi ya kucha. Ndugu zake walipomtania kwamba ameacha shamba na kwenda kucheza na sinema, aliwageuzia mgongo wa chipu na kuwaambia, "Nyinyi endeleeni na chai. Mimi nina mgodi wangu." Wakacheka wote, na yeye akacheka. Sikujua kwamba wao walikuwa wanaliweka neno hilo.

Ugonjwa wake ulianza kwa kikohozi. Mwishowe daktari aliinua picha ya kifua chake kwenye mwanga na kutuonyesha madoa meupe hapa na pale. Mume wangu aliitazama picha ile kwa muda mrefu, kama alivyozitazama picha za ukutani, kisha akasema polepole, "Hiyo imeanza." Daktari hakuelewa. Mimi nilielewa, kwa maana alikuwa amenieleza mara nyingi kuhusu chipu kwamba ikianza nukta moja, zingine ziko njiani.

Tulikuwa na mtoto mmoja aliyebaki shuleni, binti yetu, mwaka wa kwanza chuo cha uuguzi. Ugonjwa ulikula karo yake, akarudishwa nyumbani. Hilo lilimuuma baba yake kuliko kifua. Akiwa wodini aliniita karibu na mdomo wake akasema, "Mkebe uko juu ya kabati. Zote zilizomo ni nzima. Usiuze kwa kilo. Mtafute yule fundi wa ghorofa ya chini, yeye anajua bei. Huyo mtoto arudi darasani." Nikamwambia nimesikia. Hakuniachia neno lingine la maana baada ya hilo. Yaliyofuata yalikuwa kuomba maji na kuuliza kama mvua imenyesha.

Tulimzika karibu na migomba aliyoipanda mwenyewe.

Katika ukoo wa mume wangu, baada ya mazishi wanaume hukaa siku moja na kugawana vitu vya marehemu. Nguo zina watu wake. Panga, jembe, shoka na vyombo vyote vya kazi huenda kwa ndugu zake, kwa sababu wanasema vyombo vya mwanamume havilali nyumba isiyo na mwanamume. Sikulipinga hilo. Nilikuwa jikoni na mama mkwe, nimenyolewa, natazama uji ukichemka, wakati shemeji yangu mkubwa alipoingia ndani mwangu na kutoka na mkebe wa biskuti.

Niliinuka nikaenda mlangoni. Nikasema mkebe huo marehemu aliuacha uwe karo ya mtoto, na kwamba una mnunuzi wake mjini. Shemeji mkubwa ni mzee wa kanisa na ni mtu anayesikilizwa hata kwenye kituo cha kununulia chai. Hakunifokea. Alisema kwa upole kwamba mtoto ni wa ukoo, ukoo utamsomesha, na tutafanya harambee pale kanisani Jumapili moja watu wakishavuna mahindi. Lakini vyombo ni vyombo. Mama mkwe akanivuta mkono kutoka nyuma. "Mokamwana, mke wa mwanangu, rudi jikoni," akaniambia. "Usibishane na watu juu ya kaburi bichi."

Nikarudi.

Kesho yake niliona moshi nyuma ya migomba, mweusi, wenye harufu ya tairi. Nilidhani wanachoma taka za mazishi. Kisha nikasikia mlio mdogo, pa, pa, kama mahindi kwenye kikaango, na miguu yangu ilijua kabla ya kichwa. Nilipofika, mashemeji zangu watatu walikuwa wamechuchumaa kuzunguka moto, na vile vidirisha vya kioo vilikuwa vinapasuka kimoja baada ya kingine.

Sitasema walikuwa wajinga. Huku kwetu kila mtu aliyewahi kushika skrapu anajua kwamba waya huchomwa. Unachoma mpira, mpira unaisha, shaba inabaki ikiwa safi, na mtu wa mizani anakulipa bei ya shaba. Wao walifanya walichojua. Waliwaza kwamba kioo na ule mwili wa chipu ni kama mpira wa waya, kwamba moto utaondoa takataka na kuwaachia dhahabu. Hakuna aliyewaambia kwamba safari hii takataka ndiyo iliyokuwa mali.

Mimi ndiye ningewaambia. Lakini nilipofika pale hapakuwa tena na kitu cha kuokoa.

Shemeji mkubwa alikusanya mabaki kwenye mfuko wa unga na kuyapeleka Kisii. Yaliyompata huko niliyasikia kutoka kwa mdogo wake, ambaye hawezi kukaa na neno tumboni. Mtu wa skrapu alimimina mfuko chini, akageuzageuza kwa ncha ya kiatu, akasema, "Mzee, umeniletea makaa. Rudi nayo ukachomee mahindi." Watu waliokuwa kwenye foleni ya mizani wakacheka. Shemeji yangu hakuwa amezoea kuchekwa na watu wa skrapu.

Alikuja moja kwa moja kwangu, kofia bado kichwani. Mama mkwe alikuwepo, binti yangu alikuwepo.

"Dhahabu iko wapi?" akauliza.

"Shemeji, dhahabu haikuwepo ya kuuza," nikasema. "Mali yake ilikuwa kuwaka tu. Ikishaungua, haina kitu."

Akanitazama kama mtu anayetazama mizani iliyochezewa. "Shaba tumechoma miaka yote na inabaki. Hii imeyeyukia wapi? Labda kile tulichopewa sicho kilichokuwa ndani."

Hivyo ndivyo ilivyoingia katika boma letu habari kwamba nilibadilisha mkebe na kuificha dhahabu ya marehemu. Hakuna aliyeisema mbele yangu tena. Waliacha tu kuniachia chumvi kwenye meza, na mke wa shemeji mdogo alianza kuniuliza kila siku kama nina safari ya mjini.

Safari nilikuwa nayo, kwa kuwa mwenye jengo alitaka chumba chake. Nilipanda ngazi zile peke yangu. Mezani kulikuwa na ile mashine ya mume wangu ya kujaribia, imefunguliwa nusu, bisibisi imelala pembeni kana kwamba ametoka kwenda kununua chai. Chipu ya mwisho aliyoijaribu ilikuwa bado imo ndani. Mashemeji hawakufika huko, hawakujua kwamba alikuwa na kitu cha maana zaidi ya kile cha nyumbani.

Niliibeba mashine yote hadi ghorofa ya chini. Yule fundi alinipa pole, akanipa kiti, akaiwasha na kuielekeza kwenye ukuta uliopakwa chokaa. Ilikuwa saa za mchana, jua limeingia hadi katikati ya chumba. Ukuta ukawa wa buluu, kisha ukawa mweusi. Fundi akasema hii ni safi, ni namba ambayo watu wanaiulizia, na akataja bei. Bei hiyo ingemrudisha binti yangu chuoni muhula ule. Nilifanya hesabu hiyo pale pale kichwani, sitakana.

Lakini nilikuwa nimeiona. Chini upande wa kulia, ukuta ukiwa mweusi, palikuwa na nukta moja nyeupe.

"Iko na nukta," nikasema.

"Wapi?"

Nikainuka nikaweka kidole ukutani. Akafunga dirisha, akasogea, akainama mpaka pua ikakaribia chokaa. "Mama," akasema, "hiyo hata mimi nisingeiona."

"Ikianza moja, zingine ziko njiani," nikamwambia. "Yeye alisema hivyo."

Fundi alicheka kidogo, bila furaha. Akasema mume wangu alikuwa akimharibia biashara kwa maneno hayo hayo alipokuwa hai. Kisha bei ikashuka ikawa bei ya mashine mbovu. Nilichopata kililipa deni la kodi ya chumba, na kwa kilichobaki nilinunua sukari na mafuta ya taa. Alipokuwa akinihesabia aliniuliza kama nina hakika. Nikasema ndiyo.

Binti yangu aliisikiliza hadithi hiyo jikoni, akivunja kuni. Alivunja hata zile ambazo hazikuhitaji kuvunjwa.

Mahindi yalivunwa. Harambee ikatangazwa kanisani, shemeji mkubwa akiwa mwenyekiti, na watu wakaniambia kwamba moyo wake umelainika. Nami niliamini. Binti yangu alianza kuipiga pasi sare yake.

Wakati huo huo kanisa letu lilipata tena projekta. Ya zamani ilikuwa imekufa, wazee wakachanga, ikatengenezwa mjini. Sabato ya kwanza, maana sisi huabudu Jumamosi, maneno ya nyimbo yalipoonekana ukutani, makubwa na meupe, watu walifurahi kwa sababu vitabu ni vichache na macho ya wengi yamechoka. Mimi nilitazama chini upande wa kulia. Ilikuwa pale. Wengine waliimba, mimi nilikuwa natazama kitu ambacho mume wangu alikifuta kwa kitambaa chake laini.

Nilipopita mjini nilimuuliza fundi kuhusu ile chipu. Akasema ndiyo, ameitia kwenye mashine ya kanisa moja huko kwetu. Nikamuuliza kama aliwaambia. Akaendelea kukaza skrubu aliyokuwa akiikaza.

Sabato zilivyofuatana, nukta ziliongezeka. Kwanza chache, kisha kama unga uliopulizwa ukutani. Wazee wakaitisha kikao cha washiriki baada ya ibada. Mashine ilikuwa ikiendeshwa na msichana mmoja mwalimu wa chekechea, mpole, ambaye mshahara wake ni mdogo na haufiki kwa wakati. Shemeji mkubwa alisema mashine ilirudi kutoka mjini ikiwa nzima, fundi alithibitisha kwamba chipu haikuwa na kasoro yoyote, kwa hiyo imeharibikia mikononi mwa mtu. Mwalimu akasema hakuifunika, hakuiacha ikiwaka, feni alikuwa akiipangusa. Wakasema atalipa polepole. Akainamisha kichwa akaanza kulia bila sauti.

Nilijua vizuri nilichokuwa nacho mkononi. Harambee ilikuwa Jumapili iliyofuata. Binti yangu alikuwa ameketi kando yangu, na nadhani aliusikia mwili wangu ukijiandaa, kwa maana alinishika sketi.

Nikasimama. Nikasema mwalimu hana kosa. Nikasema chipu hiyo ilikuwa ya mume wangu, ilibaki ndani ya mashine yake mjini, mimi ndiye niliyeiuza, na siku niliyoiuza ilikuwa na nukta tayari, na nilimwonyesha fundi kwa kidole. Mengine fundi ndiye ajibu.

Watu waligeuka kumtazama mwalimu kwanza, na nikaona uso wake ukifunguka. Hilo nililiona na sijalisahau.

Kisha wakageuka kumtazama shemeji yangu. Hakukasirika. Alikuwa na sura ya mtu ambaye hatimaye amepata haki yake baada ya kuchekwa kwenye foleni ya mizani.

"Kwa hivyo ilikuwepo," akasema. "Mbele ya kanisa umesema mwenyewe. Ilibaki moja mjini, ukaiuza. Na zingine?"

"Zingine mlizichoma, shemeji."

"Tulichoma ulizotuachia." Akafunga kitabu chake cha nyimbo. "Mtu mwenye dhahabu yake hachangiwi."

Hakuna aliyefuta harambee. Jumapili ilifika, na mwenyekiti akawa na safari ya Kenyenya, na mweka hazina akawa na mgeni, na mimi na binti yangu tulikaa kanisani kwenye mabenchi matupu pamoja na yule mwalimu wa chekechea, aliyeleta noti moja ameikunja ndogo sana. Tulipoona jua limepinda, tukafunga mlango tukaenda nyumbani.

Njiani binti yangu aliniambia, bila kunitazama, "Mama, ungenyamaza mara moja tu. Ya fundi au ya kanisa. Moja tu."

Siwezi kumwambia kwamba Mungu ataona, kwa sababu yeye anaamka saa ambayo umande bado ni baridi na kuchuma chai kwenye mistari iliyo kando ya yangu, na vidole vyake, ambavyo vilikuwa vinajifunza kutafuta mshipa wa mtu, vimekuwa vyeusi kwa utomvu. Anachuma haraka kuliko mimi. Kikapu chake kikijaa hukipeleka kituoni bila kunisubiri.

Fundi hakuja kujibu na hakuna aliyekwenda kumwuliza. Mwalimu hakulipa chochote. Mashine haikutengenezwa tena, maana pesa hazipo, kwa hiyo bado inawaka kila Sabato na watu wameizoea. Nyimbo zina matundu sasa. Mahali neno limeliwa na weupe, wazee wanaimba kwa kukumbuka, na watoto wanaruka.

Mkebe wa biskuti ninauona nikienda kumsalimu mama mkwe. Uko dirishani kwa shemeji mkubwa, anawekea misumari. Ile sponji nyeusi bado imo chini yake.